Wilson Kinyonga na Barabara Inayopita Korogwe

  Mazungumzo yetu ya leo ni ya muziki, na nayaanza kwa ubishi ambao kila mpenzi wa zilipendwa amewahi kuusikia.

Wimbo wa "Sina Makosa" ukianza tu, gitaa lile likishaingia na watu wakaacha walichokuwa wakisema, hakosi mmoja wa kutamka kwa uhakika kabisa kwamba hawa ni Wakenya. Wa pili atamkatalia: hawa Wakongo, msikilize mpiga gitaa. Wa tatu, mara nyingi mtu mzima aliyekaa pembeni, atasema hawa ni watoto wa Tanga. Huyo wa tatu ndiye aliye karibu na ukweli, ingawa hata wa kwanza ana chake. Bendi hiyo, Les Wanyika, iliundwa Nairobi mwezi Novemba 1978, ikapiga Nairobi na kurekodi Nairobi. Lakini ilikuwa imekatwa kutoka kwenye bendi nyingine, Simba Wanyika, na Simba Wanyika ilianzishwa na ndugu wa tumbo moja kutoka mjini Tanga. Mkubwa wa jina kati yao, mwimbaji, mtunzi na mpiga gitaa la solo, aliitwa Wilson Peter Kinyonga.

Jina hilo haliko midomoni mwa watu kama la Mbaraka Mwinshehe au Marijani Rajabu. Naona ni dhuluma, na leo nataka kuipunguza kidogo.

Nina sababu ya kulisemea jambo hili huku kwetu Korogwe na Handeni. Itazameni ramani ya maisha yake: Tanga, Arusha, Mombasa, Nairobi. Mtu anayetoka Tanga kwenda Arusha, awe amepanda basi au treni, Korogwe haiwezi kumkwepa. Reli ya Wajerumani iliyoanzwa kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe 1902, ikapanda taratibu mpaka Moshi 1911, na Arusha ikaunganishwa mwaka 1929 chini ya Waingereza. Barabara nayo inakatiza Hale, inagusa Segera upande wa Handeni, halafu inageuka kupanda kuja Korogwe. Mambo mengi ya nchi hii yamepita hapa kwenda mahali pengine yakapate jina. Muziki ni mojawapo.

Ila muziki wenyewe haukupita tu. Sehemu yake ilipikwa huku, kwenye mkonge.

Wazee wetu hawahitaji kuelezwa mkonge ulivyokuwa. Kwa vijana niseme kwa ufupi: miche ya kwanza aliileta Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, mwaka 1893, ikapandwa upande wa Pangani. Miaka 60 baadaye mashamba yalikuwa yamefunika bonde la mto Pangani na kusambaa mpaka Handeni, na Tanganyika ikawa inaongoza duniani kwa zao hilo. Kazi ya kukata mkonge ilikuwa ngumu, wenyeji wengi waliikataa, wenye mashamba wakaleta watu wa mbali: Wanyamwezi kutoka Tabora, Waha kutoka Kigoma, Wangoni kutoka Songea, Wamakonde kutoka kusini, Warundi na Wanyarwanda. Mwaka 1944 wakaunda ofisi maalumu ya kuwakusanya, ndiyo SILABU, na waliokuja kwa mkataba wakaitwa manamba. Kila kabila lilikuja na ngoma yake. Jumamosi ya mshahara, kambi moja ingeweza kuwa na ngoma tatu au nne zinazopigwa kwa wakati mmoja, kila moja na watu wake, na mtoto anayezunguka kati yake akakulia na masikio mapana kuliko mtoto wa kijiji cha kabila moja.

Hapo ndipo ninapoipatia maana bendi moja ya mjini Tanga iliyoanza katikati ya miaka ya 1950 kwa jina la Young Nyamwezi. Fikirini: Wanyamwezi, Tanga, karibu kabisa na bahari! Wasingekuwa na bendi huko kama si mkonge. Baadaye bendi hiyo ikabadili jina, ikawa Jamhuri Jazz Band, na kabila likaondoka kwenye kibao kama lilivyokuwa limeanza kuondoka kwenye siasa ya nchi.

Neno hilo "Jazz" lisiwababaishe. Dar es Salaam Jazz ilikuwapo tangu 1932, Morogoro Jazz tangu 1944, na kila mji uliojiheshimu ulitaka yake. Walichokipiga kilikuwa rumba na chacha za Kuba zilizoletwa na santuri, wakachanganya na Kongo ya akina Franco na Dokta Nico redio ilipoileta, wakatia maneno ya Kiswahili. Jazz ya Wamarekani weusi iliwapa jina, mavazi, tarumbeta na saksafoni, na ile desturi ya kila mpigaji kupewa nafasi yake ya kujieleza wakati wenzake wanamshikia. Si haba.

Basi Tanga ya miaka ya 1960 ilikuwa na Jamhuri Jazz, wana mtindo wa Toyota, na Atomic Jazz, wana Kiweke, chini ya John Kijiko, na mtunzi wao hodari Stephen Hiza. Ushindani wao ulikuwa kama wa Simba na Yanga. Mtu alikuwa wa Jamhuri au wa Atomic, na aliyehama alisemwa. Hao walikuwa wakipiga kwa umeme, magitaa na vipaza sauti, na umeme huo ulitoka kwenye maji yetu: mto Pangani, kwanza kwenye maporomoko yake tangu miaka ya 1930, kisha na mtambo wa Hale uliofunguliwa 1964 wenye uwezo wa megawati 21. Sisemi kwamba Korogwe ilitunga nyimbo za Atomic. Lakini wakati magitaa ya Tanga yakiwaka kwa umeme huo, vijiji vingi vya jirani na mtambo wenyewe vilikuwa vikimulikwa na vibatari. Hilo naliacha kama lilivyo.

Handeni ilikuwa mbali zaidi na raha hizo. Reli haikuigusa. Dansi likifika, lilifika juu ya lori, vyombo vimefungwa kamba, jenereta nyuma. Siku nyingine zote Handeni ilikuwa na redio ya betri. Kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1960 redio za National zilikuwa zikitengenezwa Dar es Salaam, na mtu aliyeuza mahindi yake vizuri alirudi na moja. Redio Tanzania ikipiga Jamhuri Jazz, mkulima wa Sindeni aliisikia sawasawa na karani wa bandarini Tanga. Tofauti yao ni kwamba karani aliweza kuwaona.

Wilson na mdogo wake George Peter waliingia Jamhuri Jazz mwaka 1966. Walikuwa vijana, na walikuta bendi iliyokwisha kuwa shule. Mwanafunzi katika bendi za wakati ule hakupewa kitabu. Alipewa gitaa la kusaidia, akaambiwa ashike mdundo mmoja na asiuache mpaka aambiwe. Kuna walioshika mdundo huo miaka miwili wakaudhika na kuacha. Wanaostahimili huja kugundua kwamba muziki wote umekaa hapo. Nadhani Wilson aligundua mapema, maana nyimbo zake zote za baadaye zimejengwa na mtu anayejua kazi ya anayepiga nyuma.

Tanga ilimpa jambo la pili ambalo wachambuzi hawalisemi sana. Mji ule ulikuwa na taarabu ya aina yake. Black Star na Lucky Star, na sauti ya Shakila binti Saidi wa Pangani, zilikuwa zimeingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarabu, mpaka Mombasa wakaanza kuiga. Kijana wa dansi aliyeishi mitaa hiyo hakuweza kuziba masikio. Msikilizeni Wilson anavyoimba: hapigi kelele, habembelezi kwa machozi ya uongo. Anamwambia mtu jambo zito kwa adabu, kama anayezungumza na shemeji mbele ya wakwe. Malalamiko yamo, ila yamevikwa nguo. Mimi hiyo naisikia kuwa taarabu iliyokopeshwa kwa dansi, na nikibishiwa nitabishana.

Sasa tuje kwenye lililomwondoa Tanga, maana hapa ndipo hadithi inapoacha kuwa ya sifa tupu.

Bendi za wakati ule zilikuwa na mwenye vyombo. Awe tajiri, awe klabu ya wanachama, awe shirika la umma, magitaa hayakuwa ya wapigaji. Mwanamuziki aliyegombana na mwenye vyombo alitoka mikono mitupu, na jina la bendi likabaki nyuma. Upande wa pili kulikuwa na redio. Redio Tanzania ilizirekodi bendi karibu zote nchini, na tunaishukuru, maana bila kanda zile tungekuwa hatuna kumbukumbu yoyote. Lakini nyimbo zilizorekodiwa zilikuwa za kupigwa hewani. Hazikuuzwa dukani. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Mtu angeweza kujulikana toka Mtwara mpaka Bukoba na akashindwa kodi ya chumba. Santuri zilikuwa Nairobi, kwenye kampuni kubwa kama Polygram na kwenye vyumba vidogo vya River Road. Aliyetaka wimbo wake ununuliwe, ilibidi aufuate huko au ampate wa kumpeleka.

Na mkonge wenyewe ulikuwa umeanza kuanguka. Uzalishaji ulifika kilele mwaka 1964, tani kama 230,000, kisha nyuzi za viwandani zikashusha bei duniani, mashamba yakapunguza kazi, na mengi yakataifishwa mwaka 1967. Dansi la Tanga lilikuwa likila mshahara wa mkonge na wa bandari iliyousafirisha. Mshahara ukipungua, kiingilio mlangoni ndicho cha kwanza kuonyesha.

Mwaka 1970 Wilson na George walipanda kwenda Arusha. Huko, pamoja na ndugu yao William, wakaunda Arusha Jazz. Chaguo hilo la mji halikuwa la bahati nasibu. Arusha ilikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 1967, mji wenye watumishi wa nchi tatu, mishahara ya uhakika na watu walio mbali na nyumbani wakitafuta pa kwenda Jumamosi. Mji wa namna hiyo unahitaji bendi kuliko unavyohitaji kinyozi.

Hawakukaa. Mwaka 1971 walikuwa Mombasa. Kwa mtu wa Tanga, Mombasa si ugenini: bahari ile ile, wali ule ule, Kiswahili kinachokaribiana, na mahoteli yaliyokuwa yakijaa watalii. Vitabu vya pasi havikuwa kikwazo kikubwa, Jumuiya ilikuwa hai, reli na posta zilikuwa za pamoja. Santuri zao za kwanza zikatoka kwa jina la Arusha Jazz, na ndiyo maana wakusanyaji wengine hudhani ni bendi ya Arusha iliyokaa miaka mingi kule. Mwaka 1972 wakampata kijana mwingine wa Tanga, mpiga rizimu, Omar Shabani. Likumbukeni jina hilo. Nitalirudia, na pengine nitalisifu kupita kiasi.

Mwaka 1975 wakahamia Nairobi, na jina lililokuwa kwenye kibao sasa lilikuwa Simba Wanyika. Mwaka huo huo ikatoka "Jiburudisheni na Simba Wanyika", santuri ndefu yao ya kwanza.

Nairobi ya wakati ule ilikuwa imejaa. Wakongo walikuwa wameshika kumbi kubwa, benga ya Wajaluo ilikuwa ikiuza santuri kama njugu, Wakamba na Wakikuyu wana magitaa yao. Vijana wa Tanga walileta nini ambacho hakikuwapo? Walileta utulivu. Nataka nikae kidogo hapa, maana hapa ndipo ulipo ufundi.

Wimbo wa Simba Wanyika hauanzi kwa kishindo. Gitaa la rizimu linaingia peke yake au pamoja na besi, sauti kavu, fupi fupi, inayorudia umbo moja dogo. Mpiga drums haonyeshi ubabe. Anagonga ukingo wa ngoma na tasa, tk, tk, tk, ukamsahau kabisa mpaka atakapoacha, ndipo utakapojua ni yeye aliyekuwa ameibeba nyumba. Besi ya watu hao inaruka. Inapiga noti tatu, inanyamaza, inaacha pengo, na mchezaji anaweka mguu wake kwenye pengo hilo hilo. Juu yake ndipo Wilson anapoweka solo, noti chache, safi, zinazokaa karibu na sauti ya kuimba kiasi kwamba gitaa linaweza kuendeleza sentensi mwimbaji aliyoikatia njiani. Halafu sauti mbili za ndugu zikiimba pamoja. Sauti za watu waliolelewa nyumba moja zina namna ya kushikana ambayo mazoezi hayaitengenezi.

Santuri nayo ilikuwa na amri zake. Santuri ndogo ya wakati ule ilibeba dakika chache kila upande, kwa hiyo wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza mtu anaimba shida yake. Unageuza. Upande wa pili magitaa yanachukua nafasi, maneno yanapungua, watu wanacheza. Wengine waliona hicho ni kikwazo. Wilson alikifanya kuwa utaratibu wa utunzi: kwanza usikie, kisha ucheze. Hata baadaye, nyimbo zilipoweza kunyoshwa kwenye santuri ndefu, aliendelea kupanda mlima kwa mwendo ule ule wa pole, wala hakuonekana mwenye haraka ya kufika kileleni.

Kuhusu Kiswahili chake. Wakenya wengi wa bara walikuwa wamezoea Kiswahili cha sokoni na cha kazini, na waliposikia mtu akiimba mapenzi, wivu, fedha na usaliti kwa lugha iliyonyooka, isiyo ya kitabuni wala ya kuvunja vunja, waliipenda. Mpaka leo mtu wa Kisumu au Nyeri atakuimbia wimbo mzima wa Wanyika bila kukosea silabi. Huo ni mchango kwa lugha yetu ambao haukupitia baraza lolote.

Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Jumuiya ilikuwa ikikata roho. Njia za mpakani za Namanga, Holili na Horohoro zikanyamaza, na hali ikadumu hivyo mpaka Novemba 1983. Watu waliokuwa wamevuka wakijiona wanahama mtaa, sasa walikuwa wageni katika nchi ya watu, wenye kuhitaji vibali, na njia ya nyumbani imefungwa nyuma yao. Simba Wanyika walikuwa upande ule. Wapenzi wao wa Tanga na Korogwe walikuwa upande huu. Katika miaka hiyo hiyo Mbaraka Mwinshehe, ambaye santuri zake nazo zilichapwa Nairobi ingawa yeye makao yake yalikuwa Tanzania, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Wawili hao walitatua fumbo moja kwa njia mbili: mmoja alibaki nchini akawa anapeleka nyimbo, mwingine alihama na nyimbo zake. Nchi ilimlilia yule aliyebaki. Haishangazi, ingawa si haki sana.

Ndipo ikaja 1978. Mwezi Novemba kundi zima la katikati ya bendi likaondoka: Omar Shabani na rizimu yake, Tom Malanga wa besi, Rashid Juma wa drums, na mwimbaji Issa Juma. Wakamchukua John Ngereza, Mtanzania mwingine, awe mwimbaji na mpiga gitaa, wakajifungia mazoezini, wakaibuka Garden Square mjini Nairobi kwa jina la Les Wanyika. Mwaka uliofuata wakatoa "Sina Makosa".

Mnaona kilichompata Wilson. Wimbo mashuhuri kuliko nyimbo zote katika ukoo wa Wanyika si wake. Ulipigwa na watu waliomwacha, kwa mtindo waliojifunza kwake, na kwa sehemu ya jina aliloliweka yeye. Kwa mtu mwingine hapo ndipo mwisho. Wako waliotafuta waganga kwa mambo madogo kuliko hayo.

Swali linaloulizwa na wapenzi ni hili: je, mtindo ulikuwa wa Wilson au wa Omar Shabani? Kwa masikio yangu, injini ilikuwa mkono wa Omar. Ukiondoa rizimu yake kwenye "Sina Makosa" kinabaki kilio cha kawaida cha mtu anayejitetea. Na Les Wanyika walithibitisha kwamba injini hiyo ingeweza kuvuta gari jingine. Lakini gari la kwanza lilichorwa na Wilson: nafasi ya kila chombo, ule ukimya katikati ya noti, sauti isiyofoka. Ushahidi ni kwamba Simba Wanyika, ikiwa imebomolewa katikati, ilitafuta watu wapya na ndani ya muda mfupi ikasikika tena kama Simba Wanyika. Omar aliondoka na mkono wake. Mpango wa nyumba ulibaki kwa Wilson. Anayesema mmoja wao alikuwa mwizi hajasikiliza vizuri.

Ukoo ukazidi kugawanyika. Mwaka 1981 Issa Juma naye alitoka Les Wanyika, akaunda Super Wanyika, akatoa "Sigalame" iliyochezwa mpaka watu wakaichoka kisha wakaipenda upya. Sauti yake nzito ilikuwa kinyume cha Wilson, na kasi yake iliegemea zaidi kwenye benga. Kukawa na majina mengi yenye Wanyika ndani yake kiasi kwamba wauza santuri wenyewe walichanganya. Kwa Wilson na George ilikuwa miaka ya kazi: "Haleluya", na ule wimbo wa shilingi, "Shilingi Yaua Tena Maua", ambao umepigwa upya na bendi za mahotelini mara zisizohesabika, mara nyingi kwa haraka kupita inavyotakiwa. Hili la haraka linaniudhi. Vijana, pigeni polepole! Wimbo huo haukimbizwi.

Lakini mji ulikuwa ukiwageuka. Jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 lilileta amri ya kutotoka usiku, na bendi inaishi usiku. Kanda za kaseti zikaingia, na pamoja nazo wezi: mtu mmoja mwenye mashine mbili angeweza kuua soko la santuri la wilaya nzima. Disko likachukua vijana, maana DJ mmoja haombi nauli ya watu kumi wala chakula cha saa sita usiku.

Mlango mwingine ukafunguka Ulaya. Waholanzi waliipenda bendi, wakaialika, na mwaka 1992 ikatoka Uholanzi "Pepea". Ni kazi safi kuliko zote kwa usikivu wa vyombo, na kwa wengi wa huko nje ndiyo iliyowajulisha kwamba Afrika Mashariki nayo ina rumba yake. Kwangu mimi ina sauti nzuri zaidi na joto dogo kuliko santuri za Nairobi, ila nikilazimishwa kuchagua moja ya kumpa mgeni asiyewajua, nitampa hiyo.

George Peter alifariki mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1992. Wilson alimfuata mwaka 1995, na Simba Wanyika ikafa naye, hakuna aliyeweza kuishika. Omar Shabani alifariki 1998, na John Ngereza hakukaa muda mrefu baada yake. Katika miaka michache karibu kizazi kizima kilichotoka Tanga kikiwa na magitaa kilikuwa kimekwisha.

Leo barabara ya Korogwe hadi Handeni ni lami, kilomita 65, na kijana wa Chanika ya Handeni ana simu inayoweza kurekodi wimbo vizuri kuliko studio ya redio ya 1966. Anaweza kuuweka intaneti kabla ya chakula cha mchana, na mtu wa Nairobi akausikia bila yeye kupanda basi. Lile lililomfukuza Wilson Tanga, yaani kutokuwa na pa kuchapa wimbo, limekwisha. Lile jingine, la wimbo kujulikana nchi nzima na aliyeutunga kubaki hana kodi, sina hakika kama limekwisha. Nimeongea na vijana wa hapa Manundu, Korogwe, wenye watazamaji wengi na wasio na nauli. Vyama vya haki za watunzi mnatusikia.

Tuna ombi moja la kituo. Katika nyumba za wazee waliofanya kazi kwenye mkonge, toka Ngombezi mpaka Kabuku, bado yamo masanduku yenye santuri za Jamhuri Jazz, Atomic na Arusha Jazz. Wengine wamezigeuza vifuniko vya mitungi. Msizitupe, wala msimuuzie mgeni wa kwanza anayekuja na bei. Zileteni hapa tuzinakili kwenye kompyuta, tuwarudishie zenyewe na nakala yake siku hiyo hiyo. Tunazihitaji zaidi za kati ya 1966 na 1975, maana za baadaye zinapatikana.

Fundi mitambo ameshaniinulia kidole mara mbili. Tutapiga "Pepea". Kwa sekunde za mwanzo msimsikilize Wilson. Sikilizeni gitaa lile la nyuma, halafu mwacheni yeye aingie kwa wakati wake.